Nenda Dukani na Nyimbo Zako: Mwongozo Kamili wa Kupima Spika na Amplifaya Kabla ya Kununua

Ukiingia duka la redio Mombasa, liwe la Moi Avenue, Digo Road au yale makubwa ya Nyali, muuzaji atakuwekea muziki wake. Mara nyingi ni wimbo wenye besi nzito iliyotengenezwa kwa kompyuta, vyombo vichache, nafasi nyingi kati ya pigo na pigo, na sauti imefunguliwa hadi vioo vya dirisha vinatetemeka. Muziki wa aina hiyo hupendeza karibu kwenye spika yoyote. Besi ya kompyuta haina sura unayoifahamu ukaweza kulinganisha nayo. Huko studio ilikuwaje, hujui. Basi utajuaje kama spika imeiharibu? Ukimwachia muuzaji achague wimbo, umemwachia achague na redio.

Kinga yake haina gharama. Nenda na nyimbo zako mwenyewe, ulizozisikiliza miaka hadi masikio yako yanajua nini kinakuja kabla hakijafika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzichagua, kuzibeba, na kuzitumia dukani ili usinunue kitu kitakachokuchosha baada ya wiki mbili.

1. Chagua unazozijua, hata kama hazikurekodiwa vizuri

Watu wengi hukosea hapa. Husoma mahali kwamba wimbo fulani wa kigeni ndio wa kupimia mitambo, wakaupakua asubuhi, mchana wakaenda nao dukani. Wimbo huo huenda umerekodiwa kwa ustadi mkubwa, lakini kwako ni mgeni. Utausikia unapendeza kwenye kila spika na hutapata hukumu yoyote.

Wimbo unaofaa ni ule ambao unajua mwimbaji anavuta pumzi wapi, fidla inaingia wapi, na ni neno gani hutamkwa kwa nguvu. Umeusikia kwenye redio ya nyumbani, kwenye gari, kwenye simu na harusini. Kila mahali ulisikika tofauti kidogo, na kichwani mwako umebaki wimbo wenyewe. Huo ndio mzani wako.

Nyimbo sita au saba zinatosha. Zikizidi hapo utachoka na muuzaji atachoka. Ila kila wimbo uwe na kazi yake, na kazi hizo ndizo hizi.

*Sauti ya mtu.* Hii ndiyo ya kwanza na ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu tangu tuzaliwe tunasikia watu wakizungumza na sikio halidanganyiki upesi. Tafuta wimbo wa mtu mmoja aliye mbele ya vyombo: taarabu ya taratibu, kasida isiyo na ala, au wimbo wa kwaya ambapo mmoja anaongoza. Sikiliza herufi *s*, *sh* na *z*. Kiswahili kimejaa herufi hizo, hasa kwenye mashairi, na spika yenye twita kali, yaani kile kispika kidogo cha sauti za juu, huzigeuza kuwa mluzi unaochoma. Spika iliyofifia nayo itafanya *s* isikike kana kwamba mwimbaji amefunikwa leso mdomoni. Kisha sikiliza kifua cha sauti. Mwimbaji mwanamume asisikike kama anaimbia ndani ya pipa, na mwanamke asisikike mwembamba kuliko unavyomjua.

*Udi.* Sisi watu wa pwani tuna bahati na chombo hiki, na sijui kipimo kizuri zaidi yake. Ukichukua rekodi nzuri ya mpigaji kama Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu na kufanya kazi yake kubwa hapa Mombasa, weka ile sehemu ya mwanzo ambapo udi uko peke yake kabla ngoma hazijaingia. Kila mguso una mambo matatu yanayofuatana upesi sana. Kwanza mkwaruzo mdogo wa kipigio kinapogusa uzi. Halafu mlio wenyewe, ambao ni mnene kwa sababu nyuzi nyingi za udi zimefungwa mbilimbili. Halafu mvumo wa lile bakuli la mbao unaobaki na kufa polepole. Spika mbovu hukupa mlio tu. Yenye sauti kali za juu itakupa mkwaruzo mwingi hadi udi ugeuke gitaa la nyuzi za chuma. Spika ambayo kisanduku chake chenyewe kinatetemeka itaongeza mvumo usiokuwepo, na utaujua kwa sababu hautakufa: utaingia kwenye mguso unaofuata, na mahadhi yatasikika yamechanganyika. Rudia sehemu hiyo ya sekunde ishirini kwenye spika mbili tofauti na utashangaa jinsi tofauti inavyojitokeza.

*Kayamba au rika.* Hivi ni vya kupimia sauti za juu. Kayamba ikichezeshwa, ndani yake ni mbegu nyingi zinazogonga matete, na kwenye twita nzuri utasikia chembechembe hizo, mkono ukienda na ukirudi. Kwenye twita hafifu utasikia "shhh" moja tu kama maji ya bomba. Rika, ile tari ndogo, ina vile visahani vyake vya shaba. Sikiliza kama vina mlio wa chuma au ni kelele tupu. Mwenye rekodi za ngoma za Wamijikenda tayari ana kipimo cha bure ambacho maduka mengi hayana.

*Besi inayotembea.* Usichukue besi inayopiga noti moja wimbo mzima. Chukua gitaa la besi linalopanda na kushuka, kama lilivyo kwenye bango, chakacha ya kisasa, benga au rumba. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutoa hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na spika nyingi ndogo hazifiki huko kwa nguvu. Hilo si kosa lake. Kosa ni pale noti moja inaponguruma na zinazofuata zinapotea. Jaribu kuifuata besi kwa mdomo huku wimbo unapigwa. Ukiweza kuimba kila noti yake, spika inakwambia kweli. Ukijikuta unaimba "bum bum bum" kwa noti ileile, hiyo ni kelele ya kisanduku.

*Msongamano.* Wimbo wenye vyombo vingi kwa pamoja: taarabu kamili yenye fidla, kodiani, kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi), dumbaki na waitikiaji. Swali ni moja. Waitikiaji wanapoingia kwa nguvu, je, bado unaweza kumfuata mpiga kanuni? Amplifaya, yaani chombo kinachoipa spika nguvu, ikiwa dhaifu huonekana hapa. Watu wote husikika wamebanwa mlangoni.

*Rekodi mbaya.* Ndiyo, nenda na mbaya makusudi. Taarabu ya Mombasa nyingi tuliipata kwa kaseti, na nyingine zilirekodiwa harusini, kipaza sauti kimoja, watoto wanalia nyuma. Kama nyumbani utasikiliza Juma Bhalo wa kaseti zilizohamishiwa kwenye simu, basi lazima ujue redio hiyo mpya itamfanyaje. Ziko spika za bei kubwa zinazoonyesha kila mkwaruzo wa rekodi hadi huvumilii kuisikiliza. Kwa mtu mwenye maktaba ya sidi mpya ni sifa. Kwa mtu ambaye mapenzi yake yako kwenye kaseti za zamani ni pesa iliyomwagwa baharini.

*Rekodi ya mono.* Zile za zamani ambazo hazina kushoto na kulia, kama zile za Siti binti Saad zilizorekodiwa Mumbai mwaka 1928. Usitafute sauti za juu humo, hazimo. Kazi yake ni nyingine nitakayoieleza chini.

2. Zisikilize nyumbani kwa kalamu

Kabla hujatoka, kaa na nyimbo hizo jioni moja, ikiwezekana kwa hedifoni nzuri. Kila wimbo andika dakika na sekunde ya mahali unapotaka kupasikiliza, na jambo moja tu la kusikiliza hapo. "1:12, pumzi." "0:08, udi peke yake." "3:40, waitikiaji wanaingia." Karatasi hii itakuokoa dukani, maana hutakuwa na nafasi ya kusikiliza wimbo mzima mara nne, na masikio husahau sauti upesi kuliko tunavyodhani. Vipande vifupi vya nusu dakika, vinavyofuatana papo kwa papo, hufichua zaidi kuliko saa nzima ya kuburudika.

3. Beba faili safi

Wimbo ulioshushwa kutoka mtandaoni kisha ukapitishwa WhatsApp umeshapunguzwa vya kutosha. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huanza kuharibu sauti za juu, na kayamba ndiyo huumia kwanza: inakuwa na umajimaji. Ukiwa na sidi yako, inakili kwenye kompyuta kwa FLAC au WAV, aina za faili zisizopunguza sauti. Ukikosa, MP3 ya kilobiti 320 inatosha kabisa kwa kazi hii. Weka kwenye fleshi nakala mbili, moja ya FLAC na moja ya MP3, kwa sababu redio nyingi za madukani hazisomi FLAC. Zipe namba mwanzoni mwa jina, 01, 02, 03, usipoteze muda kutafuta.

Beba pia waya wa kutoka simu hadi kwenye zile tundu nyekundu na nyeupe za amplifaya. Bluetooth hupunguza sauti kwa namna inayotegemea simu na redio zote mbili, kwa hiyo ukiitumia hujui unapima nini. Ukinunua utaitumia upendavyo, lakini siku ya kupima tumia waya. Na kwenye simu zima ekwalaiza na kila kitu kinachojidai kuboresha sauti.

4. Chagua saa

Asubuhi duka likifunguliwa ndio wakati. Barabarani tuktuk bado hazijawa nyingi, muuzaji hana wateja watano, na wewe hujachoka. Ijumaa mchana acha kabisa, maduka mengi hufungwa kwa sala. Jumamosi jioni utasikia honi tu.

Omba kwa heshima na watakukubalia. Kwa mzee mwenye duka unaweza kusema: "Shikamoo ami. Nataka kuisikiliza hii na ile, nimekuja na fleshi yangu. Naomba unizimie hiyo besi ya ziada, na vitufe vyote uviweke katikati." Wengi hufurahi kumpata mteja anayejua anachotaka. Akikataa kabisa kukuruhusu ujaribu na muziki wako, mshukuru na uende duka la pili.

Mwambie pia azime feni iliyo karibu na spika kwa hizo dakika chache, na spika zishushwe kutoka kwenye rafu ya juu ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa.

5. Sawazisha ukubwa wa sauti

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayowauzia watu redio wasizozitaka. Sikio hupenda chenye sauti kubwa. Spika ikizidi nyenzake hata kwa desibeli moja (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo huwezi kuitambua kama ukubwa, utahisi tu kwamba hiyo ni "safi zaidi" au "ina uhai". Muuzaji anayetaka uchukue ile ya bei ghali anahitaji tu kuifungua kidogo zaidi.

Pakua kwenye simu programu ya kupima desibeli. Haitakuwa sahihi kama chombo cha maabara, lakini unataka kulinganisha tu. Kaa mahali pamoja, shika simu mahali pamoja, piga kipande kilekile, na fungua kila spika hadi namba zilingane. Kisha ndipo uhukumu.

Kiwango kiwe kile cha nyumbani kwako usiku watu wakiwa sebuleni. Baada ya hapo jaribu pia kwa sauti ya chini sana. Masikio yetu hupoteza besi na sauti za juu muziki ukiwa chini, na spika nzuri bado itakupa maneno yote ya mwimbaji. Mwisho kabisa ndio ufungue kwa nguvu, dakika moja tu, kujua inaanza kupasuka wapi.

6. Namna ya kusikiliza

Anza na ile rekodi ya mono. Kaa katikati, wewe na spika mbili mfanye pembetatu. Mwimbaji anatakiwa asikike katikati kabisa, mahali ambapo hakuna spika. Akitawanyika pande zote na besi ikapotea, waya za spika moja zimegeuzwa, nyekundu imewekwa kwenye nyeusi. Mwombe muuzaji azirekebishe kabla hujasikiliza kitu kingine. Madukani ambako spika hubadilishwa kila saa jambo hili hutokea, na linaweza kukufanya uikatae spika isiyo na kosa.

Kisha sauti ya mtu, kisha udi, halafu vingine kwa mpangilio wa karatasi yako. Sikiliza jambo moja kwa wakati mmoja. Ukienda na rafiki, yeye abadilishe spika bila kukwambia ipi ni ipi, nawe uandike namba tu. Bei na jina la kampuni vina nguvu kubwa juu ya masikio, hata kwa wajuzi.

Baada ya vipimo vyote, weka wimbo unaoupenda kuliko wote, weka karatasi mfukoni na usikilize tu. Ukijikuta umesahau kwamba unapima, hiyo ni alama nzuri sana. Ukianza kutazama saa baada ya dakika tatu, usiipuuze hiyo pia. Spika kali huvutia dakika ya kwanza na huchosha ya kumi.

7. Usidanganywe na namba

Mbele ya redio kumeandikwa wati 5000 PMPO, yaani nguvu inayodaiwa kufikiwa kwa kitambo kidogo mno. Namba hiyo haina kipimo kinachokubalika popote na haifai kutumika. Uliza RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Asipoijua, geuza redio usome nyuma kiasi cha umeme inachokula: inayokula wati 60 haiwezi kutoa wati mia kwa muda wowote wa maana. Tena, kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu. Ili sauti ionekane kubwa maradufu unahitaji karibu wati mara kumi. Kati ya amplifaya ya wati 50 na ya 70 chagua inayoimba vizuri.

8. Ukinunua mitumba

Mji wa bandari huleta vyombo vizuri vya zamani kutoka Uingereza, Dubai na Japani, na kwa bei hiyo mara nyingi hupati kipya kinachovishinda. Ila kagua.

La kwanza ni umeme. Chombo kilichotengenezewa soko la Japani hutumia volti 100, cha Marekani 120. Huku kwetu ni 240. Kukichomeka moja kwa moja ni kukiunguza. Soma nyuma kabla ya kitu kingine chochote. Kama kina swichi ya kubadilisha volti, sawa. Kama hakina, weka bei ya transfoma ya kushusha umeme kwenye hesabu yako.

La pili ni hewa yetu ya chumvi. Ondoa kava ya mbele utazame ule ukingo wa duara unaoshika koni, yaani ile sehemu ya spika inayotetemeka. Ukiwa wa sponji, uguse kwa kidole taratibu. Ukivunjika kama keki kavu, spika inahitaji fundi. Wa mpira hudumu zaidi. Sukuma koni kwa vidole vya mikono miwili, polepole na kwa usawa. Ukisikia kukwaruza ndani, achana nayo. Tazama kutu kwenye vifungio vya waya.

La tatu, bila muziki wowote, zungusha kitufe cha sauti taratibu kutoka mwanzo. Kikikwaruza kina vumbi au unyevu, na fundi hukisafisha kwa pesa kidogo. Kisha sogeza sikio kwenye spika: mvumo mzito usiokoma ni wa umeme, na huenda kapasita, vile vifaa vya ndani vinavyotunza umeme, zimechoka. Hilo ni la kupunguziwa bei nyingi au kuacha.

Hapo ndipo upige nyimbo zako, na kwa mitumba zipige ndefu zaidi. Kasoro nyingine hutokea chombo kikishapata moto, kwa hiyo kiache kipige nusu saa huku mnazungumza bei.

9. Ukifika nyumbani

Kabla ya kulipa, kubalianeni kama unaweza kurudisha au kubadilisha baada ya siku chache, na iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya chombo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya sauti utakayoisikia ni ya chumba chako. Nyumba zetu ni sakafu ya marumaru, kuta tupu, dari ya juu, madirisha wazi kwa ajili ya upepo. Sauti hugonga na kurudi. Spika iliyokuwa tamu ndani ya duka lililojaa makatoni itasikika kali sebuleni mwako.

Piga nyimbo zilezile, vipande vilevile, kwa karatasi ileile. Herufi *s* zikichoma, tandika zulia kati yako na spika na ufunge pazia nzito kabla ya kumlaumu muuzaji. Besi ikinguruma, toa spika kwenye pembe za chumba, zisogeze nusu mita kutoka ukutani, kisha rudia ule wimbo wa besi inayotembea. Zisogeze kidogo kidogo hadi uweze kuiimba besi noti kwa noti. Ikiwa baada ya hayo yote udi bado unavuma vibaya kuliko ulivyovuma dukani, irudishe ndani ya zile siku mlizokubaliana.